Yai la Dakika Nne

Jumanne, Julai, baridi ya Paysandú,
ile inayopenya hadi kwenye funguo mfukoni.
Ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli:
viti sitini, hita moja, watazamaji kumi na mmoja.
Mimi nauza tiketi, kisha napanda ngazi
nawasha mashine, kisha nashuka kufagia.

Filamu yenyewe haina bastola.
Hakuna anayekimbizwa, hakuna busu mvuani.
Mwanamke wa makamo, mfua nguo wa hoteli,
anachemsha yai, analimenya,
analila wima, dirishani,
dakika nne nzima, nimezihesabu.
Kisha anavaa koti, anafungua mlango,
na majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Eusebio wa safu ya tatu akaguna:
"Nimetoa pesa yangu kutazama mtu akitafuna?"
Watu wakacheka, wakafunga skafu zao.
Nélida Bentancor hakucheka.

Mnamjua? Mtamjulia wapi.
Hata hapa mjini tunamjua kwa mgongo,
ulioinamia daftari la duka la kaka yake:
misumari, rangi, mabomba, bawaba,
miaka thelathini na mmoja pasipo mshahara,
maana, husema Dardo, damu hailipani.
Anakula kwake, analala kwake.
Kwake Dardo.

Alinikuta nafagia maganda ya karanga.
"Alikwenda wapi yule, baada ya mlango?"
Nikamwambia filamu inaishia pale.
"Haiishii," akasema, kwa sauti
ya mtu aliyeona kosa kwenye jumla.

Wiki ya pili hakuja.
Nikasikia amepanga chumba juu ya duka la dawa,
dirisha upana wa sinia.
Anageuza kola za mashati,
anawaandikia wazee barua za pensheni.
Amenunua kiti. Kimoja.
Muuza mikate akasema ni umri huo, utapita.
Mwingine akasema kuna mwanamume.
Nikawaza: mwanamume gani huyo, na akae wapi?

Dardo alinijia Jumatano, kofia kichwani.
"Umemwonyesha nini dada yangu?"
"Mtu anakula yai."
"Nionyeshe."

Nikamwashia mashine peke yake,
umeme wa ukumbi mzima kwa mtu mmoja.
Lilipofika yai nikashuka.
Alikuwa ameinama mbele, macho makali,
kama anatafuta bomba linapovuja.
"Hatii chumvi?"
"Hatii."
Hita ikaalika. Akameza mate.
"Nélida," akaanza, akaacha, akaanza tena,
"Nélida yeye hutia?"
Ananiuliza mimi. Muuza tiketi.

Mle ndani ya nuru mwanamke akashika kitasa
na Dardo akainuka nusu, mkono mbele,
sikujua kama ni kuuzuia mlango
au kuushikilia asije akabanwa.
Majina yalipomaliza kupanda alikuwa bado vile,
si wima, si ameketi.
Hakulipa. Nami sikumdai.

Mikebe ile niliirudisha Montevideo
kwa basi la usiku, imefungwa kamba.
Agosti ikaja filamu nyingine: mstaafu
anajifunza kuogelea, na mpaka mwisho
hatuoni akielea.

Nélida alikuja, kola yake mwenyewe imegeuzwa.
Zamani alinipa sarafu kamili, ndani ya bahasha,
zimehesabiwa na mkono mwingine.
Safari hii alitoa noti
iliyokunjwa mara nne, yenye joto la mwili.
Nikampa tiketi. Hakusogea.
Foleni nyuma yake, watu wawili, wakakohoa.
"Chenji yangu," akasema.
Nikamhesabia. Akaihesabu yeye, taratibu,
akabaki kiganja wazi chini ya taa.

"Bado peso tano."